Mahali pa Saksafoni

Nilipokuwa kijana nilipiga gitaa la besi kwenye bendi ya kopi, Morogoro. Bendi ya kopi haina wimbo wake hata mmoja. Inapiga nyimbo za wenzake, zile zinazotamba redioni, na sifa yake yote ni kufanana: mteja akifumba macho, adhani wenye wimbo wamekuja wenyewe. Kiongozi wetu alikuwa mkali kuliko mwalimu wa zamu. Alituweka mbele ya redio kaseti, akarudisha mkanda nyuma, tukasikiliza kipande kimoja mpaka betri zikaanza kuisha na mwimbaji akawa anaimba kwa sauti ya mlevi. Ukikosea noti moja alisimamisha bendi nzima, akakutazama, akasema, "Sivyo." Haongezi neno.

Bendi ilikufa, kila mtu akashika njia yake, mimi nikaajiriwa serikalini. Ila ile "sivyo" niliondoka nayo. Niliipeleka ofisini, nikaipeleka na nyumbani, na nyumbani ndiko ilikofanya kazi kubwa zaidi.

Sasa nipo Dodoma, nakaribia kustaafu, na jioni zangu nyingi nazimalizia kwa kusikiliza nyimbo za zamani zikiimbwa na watu ambao si wenyewe. Sizungumzii kopi kama zile zetu. Zinazofanana na rekodi nazipita. Natafuta waliokosea. Yupo mwalimu mmoja kwenye simu yangu anayepiga rumba kwa filimbi ya plastiki, pumzi inamwishia kila mahali, nami nampenda kwa hilo. Ipo kwaya ya kanisa la jirani hapa Ilazo, iliyochukua wimbo wa mapenzi wa enzi zetu ikaubadilisha maneno ukawa wa kumsifu Mungu. Kila Jumatano wakifanya mazoezi nafungua dirisha, vumbi liingie litakavyo. Vijana wa ofisini wakinikuta na vile vidude vya masikioni wananiuliza, "Mzee, unasikiliza nini, podcast?" Nawaambia nasikiliza makosa. Wanacheka, wanadhani ni utani wa kizee.

Wimbo ulioniingiza kwenye tabia hii siutaji jina. Mtu wa rika langu akisikia gitaa la mwanzo tu anainua kichwa. Ni wimbo wa dansi: mtu anamuuliza mwenzake aliyesafiri, utarudi lini? Anauliza, halafu ananyamaza, na saksafoni inajibu badala ya msafiri. Inapanda, inapanda, inakatika. Anauliza tena, saksafoni tena. Mpaka wimbo unaisha msafiri hajasema neno. Uzuri wake wote upo hapo, ndivyo nilivyokuwa naamini, na ndivyo nilivyokuwa namwambia mke wangu.

Mke wangu alikuwa anauimba vibaya.

Alianza tangu wiki ile niliyomuoa. Alikuwa anauimba jikoni, akichambua mchele, au uani akianua nguo. Mahali pa mwimbaji alikuwa ananyamaza. Anakaa kimya ubeti mzima, mikono inaendelea na mchele, unadhani ameshasahau, ikifika mahali pa saksafoni ndipo anapoimba, tena kwa maneno: "Nipo njiani, nipo njiani." Na pale saksafoni inapopanda, yeye alikuwa anashuka, anaivuta sauti na kuitetemesha mpaka chini kabisa. Kwa mtu aliyepita mikononi mwa yule kiongozi wetu, ilikuwa sawa na kokoto kwenye kiatu.

"Sivyo," namwambia. "Hapo hakuna maneno. Hapo ni saksafoni."

"Haya, mwalimu."

"Na inapanda. Haishuki."

"Nimesikia, mwalimu."

Kesho yake anaimba vilevile. Nikaona hapana, huyu anahitaji kufundishwa. Nilimkalisha sebuleni nikampigia rekodi, nikainua kidole kila saksafoni ilipoingia. Wageni wakija nilikuwa na utani wangu nisiouchoka: "Huyu mke wangu ananyamaza mahali pa kuimba, anaimba mahali pa kunyamaza." Watu wanacheka, na yeye anacheka, anakwenda kuleta chai. Nikikumbuka kile kicheko chake naona aibu mpaka nasimama.

Siku moja nikamsikia jikoni anauimba kama ulivyo kwenye rekodi, mwanzo mpaka mwisho, na mahali pa saksafoni amenyamaza. Nilifurahi jamani. Nikamwita binti yetu, mtoto mdogo wakati huo, aje asikie mama yake ameuweza. Baada ya hapo ukaondoka nyumbani kwetu kidogokidogo. Kuna mwaka niligundua kwamba sijausikia kwa muda mrefu, nikadhani ni mambo ya umri.

Ilipokuja habari ya Serikali kuhamia Dodoma, wenzangu wengi pale Dar es Salaam walinuna. Walisema ni vumbi, ni upepo, hakuna samaki. Kwangu hapakuwa na wa kununa, kwa sababu mke wangu kwao ni Kondoa. Aliolewa akaenda pwani na akakaa huko miaka yote bila kulalamika, lakini siku nilipomwambia idara yetu nayo inahama, alikaa chini kwenye kizingiti na kuanza kupanga safari kwa vidole. Akitoka Dodoma asubuhi na basi, adhuhuri anasali kwao. Ijumaa anakwenda, Jumapili anarudi. Alitaka nipange nyumba yenye uwanja ili mdogo wake akija apate pa kuanika karanga.

Moyo ulimsimama miezi mitatu kabla ya zamu ya idara yetu. Tulimpeleka kuzikwa Kondoa, kwa hiyo alitangulia. Mimi nikaja Dodoma na magodoro mawili na vyombo vya watu wanane, nikapanga nyumba yenye uwanja kama alivyotaka. Uwanja ule hauna kitu zaidi ya tangi la maji. Mwezi wa saba upepo unapita pale unatafuta cha kupeperusha, haukioni.

Sikuwa na habari na wimbo wala makosa yake mpaka tulipomuaga mwenzetu mmoja wa ofisini aliyestaafu, Jumamosi mchana, kwenye bustani ya hoteli moja mjini. Palikuwa na mpiga kinanda na binti wa kuimba, mwanafunzi wa chuo, amevaa gauni la kuazima, linamshuka begani. Walipiga kopi, na kopi zenyewe za kawaida tu. Wakafika kwenye wimbo wetu. Binti akauliza utarudi lini, akaitikisia kichwa ile saksafoni ya kwenye kinanda, akauliza tena, na hapohapo umeme ukakatika. Kinanda kimya. Watu wakageuka kumtazama. Binti wa watu akachanganyikiwa, na ili pasiwe kimya akajaza mwenyewe kwa mdomo, bila kipaza sauti, mlio wowote uliomjia. Na ukashuka.

Nikaweka glasi chini. Jirani yangu wa mezani aliniuliza kama nimepaliwa. Nilisema ndiyo. Sikuwa nimepaliwa. Nilikuwa nimemkumbuka mke wangu, na si kumkumbuka kwa kawaida, kwa picha au kwa nguo. Nilikuwa nimemsikia, nusu sekunde tu, kisha akapotea.

Niliporudi nyumbani nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajaribu kuuimba kama yeye. Ikashindikana. Maneno ninayo, "nipo njiani," lakini nikifika pale sauti inapanda yenyewe. Najaribu tena, inapanda. Miaka yote ile nilikuwa namrekebisha yeye, kumbe sikio langu nalo lilikuwa linafuta lile alilokuwa anaimba ili libaki na lililo sahihi. Nikapekua simu. Zipo picha zake nyingi na video moja fupi, anafunga kitenge, anasema, "Acha kunipiga picha, sijajiandaa." Basi. Hakuna sehemu anapoimba.

Tangu hapo nikawa na shida moja tu duniani: nilitaka kuusikia ule wimbo alivyouimba mke wangu, na makosa yake yote, walau mara moja. Ndiyo maana natafuta waliokosea. Nilidhani penye makosa mengi, la kwake halitakosekana.

Kwanza nilimpigia simu binti yetu. Ameolewa Mwanza, ana shughuli zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niimbie ule wimbo wa mama yako."

Alicheka, akaniuliza kama nipo salama, akafunga mlango wa huko aliko, akaimba. Ana sauti nzuri kuliko sisi wote. Aliuliza utarudi lini, akanyamaza mahali pa saksafoni kwa urefu uleule unaotakiwa, akauliza tena. Ungedhani ni rekodi.

"Sivyo," nikasema.

"Baba, mama alikuwa anauimba hivyohivyo. Wewe mwenyewe uliniita jikoni nije nisikie."

Nilimwambia ni kweli, nimechanganya. Nikamuuliza hali ya watoto. Tulipomaliza nilikwenda kukaa uwanjani pembeni ya tangi, nikiwa na hasira na mtu ambaye sikuweza kumgombeza, kwa kuwa mtu huyo ni mimi.

Mwaka huu baada ya mavuno nilikuwa nakwenda Morogoro kwa ndugu zangu, gari ikasimama Kibaigwa, pale sokoni kwenye mahindi. Dereva alikuwa na mazungumzo yake na madalali, nami nikashuka kunyoosha miguu. Katikati ya malori, juu ya magunia yaliyokwisha shonwa, mbebaji mmoja wa makamo alikuwa amepumzika na zeze lake, wenzake wamemzunguka. Nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa anapiga wimbo wetu. Kwa zeze! Lile zeze la Wagogo linalolia puani, na mguu wake una njuga inayopiga mahali ambapo ngoma haikupaswa kuwepo. Lakini kilichonishika ni kwamba alikuwa anapiga saksafoni peke yake. Ikifika zamu ya mwimbaji, upinde unasimama hewani, njuga inahesabu, kimya. Halafu zeze linajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Nilisubiri amalize. Tulisalimiana, nikamuuliza kwa nini haimbi pale pa kuimba.

"Pale si pangu," akasema. "Pale pa kaka yangu. Tumejifunza wote, yeye mdomo, mimi zeze. Sasa hivi yuko Tunduma."

"Si ungeimba mwenyewe?"

Akaniangalia kama ninayemwambia avae viatu vya mtu. "Akirudi ataimba."

Gari ikapiga honi. Nilipanda, na toka Kibaigwa mpaka Morogoro utani wangu ukawa unanirudia kichwani. Ananyamaza mahali pa kuimba, anaimba mahali pa kunyamaza. Nilikuwa nimeusema utani huo mbele ya wageni wangapi, na sikuwahi kujiuliza swali ambalo mbebaji wa mahindi alinijibu kwa maneno matatu. Pale palikuwa pa nani?

Hitima ya mke wangu tunaisoma Kondoa kila mwaka, kwa mdogo wake. Ni mwanamke mfupi, mchangamfu, mkono wake hautulii; wamefuatana na mke wangu tumbo moja, na marehemu baba yao alikuwa mwadhini. Safari hii nilikwenda siku moja kabla. Hitima ikasomwa, watu wakala pilau, wakatawanyika. Baada ya alasiri nikamkuta uani kwenye mkeka, anapukuchua karanga. Nikakaa kwenye kigoda.

"Shemeji," nikamwambia, "dada yako alikuwa na wimbo mmoja wa dansi, anauimba kwa kuharibu."

"Upi?"

Nikaanza gitaa la mwanzo kwa mdomo. Hakuniacha nifike mbali. Alishika ncha ya mtandio akaziba mdomo, akacheka mpaka karanga zikamwagika.

"Ule? Ule ni kasida, shemeji!"

Akanieleza. Kwao hapakuwa na dansi. Nyumba ya mwadhini, nani athubutu? Lakini duka la jirani lilikuwa na redio, na ukuta ulikuwa mmoja. Wimbo ukawaingia wote wawili. Hawakuweza kuuimba waziwazi, basi wakaugeuza. Waliupa mahadhi ya kasida za dini walizofundishwa chuo cha Kurani, wakauvuta na kuushusha. Mdogo akawa anauliza, utarudi lini, na kwa kuwa saksafoni hawana, dada mtu akawa anajibu, nipo njiani, nipo njiani. Mama yao akipita jikoni anasikia mabinti zake wanaimba habari za mahujaji waliokwenda Makka na jamaa wanawasubiri. Akafurahi. Akawasifia kwa wanawake wenzake.

"Ikaja Maulidi ya kina mama," akasema, "mama akasimama mbele za watu, akasema wanangu wana kasida yao nzuri. Tufanyeje? Tukaimba. Matari yanapigwa! Shemeji, wanawake walilia. Bibi mmoja mumewe alikuwa kweli amekwenda Hija, akaja kutukumbatia. Mimi sikulala, nasubiri Mungu atupige radi."

Nilicheka naye. Nilicheka sana, na nilipomaliza kucheka nikabaki na jambo lile lile.

"Kwa hiyo yeye alikuwa anaimba kipande chake tu."

"Chake ni kujibu. Mimi ndiye wa kuuliza. Hakukuambia?"

"Sikumuuliza."

Alikusanya karanga zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Kisha akasema, taratibu, bila nia ya kuniumiza, "Alipoolewa nililia, nikamwambia sasa nani atakuwa ananijibu. Akaniambia, wewe utapata tu mtu. Mimi mume wangu ni mpiga muziki, ataijua mwenyewe zamu yake."

Nikainama, nikaanza kumsaidia kupukuchua karanga.

Kile kimya cha ubeti mzima, mikono ikiendelea na mchele, kilikuwa changu. Alikuwa ananiachia nafasi. Aliniachia tangu wiki ya kwanza, akaniachia mwaka hadi mwaka, jikoni kwetu, uani kwetu, nami kila nilipoingia kwenye nafasi ile niliingia na "sivyo." Swali lenyewe ni maneno mawili. Hata mtu asiye na sauti angeyaimba. Sikumuuliza atarudi lini hata siku aliyokuwa anafunga mzigo kuja kumzika mama yake. Nilimuuliza funguo za kabati zipo wapi.

"Uimbe," nikamwambia shemeji yangu. "Kama mlivyokuwa mnaimba."

"Leo? Siku ya hitima?"

"Si ni kasida?"

Akatabasamu. Akafuta mikono kwenye kanga, akatazama upande wa lango kama bado kuna mama wa kupita, akaanza. Sauti yake imechakaa, lakini nilipoisikia nilielewa kwa nini wanawake wale walilia. Aliuliza utarudi lini, akavuta neno la mwisho, akanyamaza. Alinyamaza kama binti yangu asivyoweza kunyamaza, na kama mimi na bendi yangu nzima tusivyowahi kuweza. Alikuwa anamsubiri mtu.

Hakuna aliyejibu. Kuku walikuwa wanaparura majani ya karanga. Akauliza tena, na safari hii akawa ananitazama mimi.

Nikafungua mdomo. "Nipo njiani," nikaimba, "nipo njiani," na nilipofika pale, sauti ikapanda.

Shemeji yangu akainua kidole.

"Sivyo," akasema. "Hapo dada alikuwa anashuka."

"Haya, mwalimu," nikamwambia, naye akaniuliza upya.